Mkunga na Jiwe Lililoitwa Mkwe

Mkunga alivunjika kifundo cha mguu kazini, kwenye sakafu iliyokuwa imetoka tu kupigwa deki na ambayo yeye mwenyewe alikuwa amewakataza wenzake wasiikanyage. Akafungwa plasta, akapelekwa kwa binti yake akauguzwe. Mguu uliambiwa upumzike, mdomo haukuambiwa. Kutoka kwenye kochi akaiendesha ile nyumba kama alivyozoea kuiendesha wodi ya wazazi: pazia livutwe, sufuria isuguliwe na chini pia, na nani huyo ameacha taa ya choo inawaka?

Aliyepata tabu kuliko wote ni mkwe wake, fundi wa friji, mtu mpole asiye na maneno. Tangu amwoe binti, mazungumzo yake na mama mkwe yalikuwa shikamoo, marahaba, na habari ya mvua.

"Huyu mumeo," Mkunga alimwuliza binti yake, "ukimgonga anatoa sauti kweli?"

Jumapili moja akaamuru kabati la sebuleni litolewe vitu vyote lipanguswe. Likatoka boksi, na ndani ya boksi vidude viwili vya gemu vya kushika mkononi, vya kizamani, pamoja na waya wa kuviunganisha. Kimoja kilikuwa cha mkwe tangu utotoni, kingine cha kaka yake.

"Mwanaume mzima na midoli ya betri!"

Mkwe akaona haya. "Ni vya zamani, mama. Unatembea porini, unakamata viumbe, unawalea, wanapigana na wa wenzako."

"Wakishapigana?"

"Wanakua."

"Walevi nao hupigana kila wiki. Sijaona aliyekua."

Kesho yake wote wakaenda kazini. Nyumba ikanyamaza, pasiwe na mtu wa kutumwa hata maji. Mkunga akavaa miwani, eti auone tu huo upuuzi wenyewe, akabonyeza.

Akapewa kiumbe mfano wa mjusi. Mwanzoni alikataa kabisa kupigana. Maisha yake yote kazi yake ilikuwa kuwaleta viumbe duniani, si kuwaondoa. Akikutana na adui, anakimbia. Mpaka panya mmoja wa porini alipomng'ata mjusi wake bila kosa.

"Ala! Mgonjwa wangu?"

Panya yule alikiona cha mtema kuni. Kisha Mkunga akamkimbiza mjusi kwenye kituo cha tiba, ingawa hakuwa na zaidi ya mkwaruzo. Tangu hapo kila baada ya pambano, moja kwa moja kituoni. Akikuta hakuna foleni, anasifu, "Hawa wanaijua kazi."

Watu wakirudi jioni, kidude kinakuwa chini ya mto. Siri ilidumu hadi mto ulipoanza kupiga muziki wakati wa chakula. Mkwe aliinamia sahani yake kwa bidii.

Gemu lile humruhusu mchezaji kuwapa viumbe wake majina. Mjusi akawa Daktari, kwa sababu kila alipohitajika alichelewa. Halafu, pangoni, Mkunga akakamata jiwe lenye macho: zito, halisemi, halisukumiki. Jina likaja lenyewe. MKWE.

Na jiwe hilo ndilo likawa nguzo ya kundi. Lilipigwa moto, likapigwa maji, likapigwa radi, likasimama palepale likikodoa macho. Mkunga akaanza kulisemesha. "Pole, mkwe wangu. Kazi nzuri." Mkwe wa kweli, aliyekuwa akipita na bisibisi yake, akaitika, "Ahsante, mama," akaenda zake akiwa na furaha asiyoielewa.

Lakini likafika mahali likagoma kukua. Mwuza duka mmoja wa humohumo kwenye gemu akaeleza sababu: kiumbe wa aina hii hageuki mpaka apitishwe kwa waya, aingie mikononi mwa mtu mwingine. Mkunga aliyasoma maneno hayo na kuyarudia, kama yatabadilika. Jioni akapiga moyo konde.

"Baba, kile kidude kingine bado kinafanya kazi?"

"Kinafanya, mama," mkwe akajibu haraka mno, akakitoa kwenye mfuko wa ovaroli yake.

Wakaunganisha waya. Mkwe akasoma jina kwenye kioo. Akalitazama jiwe. Akamtazama mama mkwe.

"Ni jina tu," akasema Mkunga.

"Ndiyo, mama. Ila na mimi lazima nikupe mmoja, ndivyo kinavyotaka." Akasita. "Nami sina wengi, nimeanza upya juzijuzi." Akabonyeza kama mtu anayejitia kitanzi mwenyewe.

Upande wa Mkunga akatua ndege mwekundu mwenye kishungi. Maelezo yakasema: hupiga kelele mpaka adui akimbie. Jina lake: MAMA.

Plasta ikaanza kutikisika, tumbo likafuata, na Mkunga akacheka mpaka miwani ikaanguka. Mkwe naye akacheka. Kumbe sauti alikuwa nayo, tena nene. Kwenye kioo chake jiwe lilikuwa linapasuka, mkono mmoja umeshatoka.

"Sukuma, baba, sukuma!" Mkunga akahimiza, kwa mazoea.

Siku mbili tatu baadaye, binti alikuwa anarudi na mifuko ya sokoni akamsikia mumewe, mtu ambaye hajawahi kupaza sauti, akipiga kelele ndani: "Mama kazimia! Mama kazimia!" Akatupa kila kitu, nyanya zikabingirika ngazini, akauvamia mlango. Akamkuta mama yake amekaa wima kwenye kochi, macho yamemtoka, anabonyeza kwa vidole vyote, waya umenyooka hadi kwenye kidude cha mkwe.

"Hajazimia! Bado ana pumzi, usinizikie mtu mzima!"

Plasta ilipokatwa Mkunga akarudi kwake, akarudi na wodini, kidude kikiwa kwenye mfuko wa sare. Siku hizi simu ya mkwe ikilia jioni, ni mama mkwe anauliza ziwa la kwenye gemu linavukwaje. Binti, ambaye zamani ndiye aliyekuwa akipeleka salamu huku na kule baina yao, hulalamika kwamba wakishaanza hakuna anayemjulia hali.

"Mwambie na mimi nipo," humwambia mumewe.

"Anasema yupo, mama," mkwe husema kwenye simu. Kisha wanarudi ziwani.