Gauni la Harusi Lililopita Sežana

Siku ya Jumamosi, tarehe 9 Novemba 1974, treni ya mchana itokayo Trieste, Italia, kwenda Zagreb ilikuwa na abiria sita katika chumba cha mwisho cha behewa la tatu. Viti vya chumba hicho vilikuwa vinane. Viwili vilivyosalia vilikaliwa na mfuko wa kahawa mbichi na mwanasesere mkubwa mwenye nywele za dhahabu, na hakuna aliyevigusa, kwa kuwa kila mmoja alidai kwamba si vyake.

Mmoja wa hao sita alikuwa Štefica Brlek, mjane wa fundi wa tramu, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja. Tangu usichana wake alikuwa mfumaji katika kiwanda cha pamba mjini Zagreb. Siku za kazi alifuma kitambaa, na Jumamosi, alipoweza, alipanda treni kwenda Italia kununua nguo. Hakuona ajabu yoyote katika jambo hilo. Wenzake wa kiwandani hawakuiona pia, maana aliwakuta katika treni ile ile. Kitambaa chao walikuwa wamekizoea mno hata wasiweze kukivaa.

Alikuwa na mtoto mmoja, Jasenka, aliyekuwa aolewe Jumamosi inayofuata. Jasenka alimweleza mama yake, kwa adabu kabisa, kwamba angevaa gauni la Trieste, la sivyo angekwenda kwa msajili wa ndoa na ovaroli lake la kazini. Alikuwa binti wa kutimiza ahadi. Štefica aliacha sigara, akaacha na sinema, akaweka akiba mwaka mzima, na sasa gauni lilikuwa limepatikana: jeupe, refu, lenye lesi pindoni, na la thamani iliyozidi sana kile ambacho forodha ya Sežana, kituo cha mpakani, ilimruhusu mtu kuingiza nchini. Mwezi uliotangulia mfumaji mwenzake alinyang'anywa gauni kama hilo hapo Sežana, na binti yake akaolewa na suti ya shangazi.

Abiria wa treni ile walikuwa na desturi yao. Kilichomo mfukoni ni bidhaa. Kilichomo mwilini ni nguo. Kwa hiyo waliacha viatu vikuukuu stesheni ya Trieste, wakapanda na vipya. Walivaa suruali juu ya suruali, na makoti ya mvua ya nailoni juu ya makoti mengine, hata behewa zima likawa linachakarika mtu akipumua. Tena, kabla ya mpaka, watu wa chumba kimoja walikuwa ukoo mmoja: aliyezidiwa na mali aliwagawia wasio nayo, na baada ya mpaka kila kitu kilirudi kwa mwenyewe. Ukoo huo ulidumu mwendo wa nusu saa.

"Vuta pumzi, Štefica," alisema Ljerka, jirani yake, msusi, aliyekuwa akihangaika na vifungo vya mgongoni. Wanaume wawili wa chumba walikuwa wametolewa nje kwenye ujia.

"Nimeshaivuta. Haina pa kukaa."

"Mwanao mwembamba kama sindano, nawe umekula viazi miaka yote hii. Basi, mgongo ubaki wazi. Forodha hawaangalii mgongo."

Ljerka alipandisha pindo la gauni, akalibana kwa pini, akamvika shoga yake koti lake mwenyewe. Wanawake wengine wawili, dada wa makamo kutoka Ljubljana ambao kila mmoja alikuwa amevaa makoti manne, walitazama kwa makini na kusema kwamba upande wa kushoto unaning'inia.

Wanaume wakaruhusiwa kurudi. Wa kwanza, Stipe, dereva wa lori la mikate, alikuwa na suruali tatu za jinzi na hakuweza kukunja magoti. Aliketi kama ubao ulioegemezwa.

"Mama, umependeza," alisema. "Kama si mke wangu, ningekuposa hapa hapa."

"Kama si mke wako, ungekuwa unanuka," Ljerka akamjibu.

Wa pili aliitwa Vinko Gorjup, mpima ardhi wa Zidani Most, kapera aliyekaribia kustaafu. Huyu alikuwa amekataa kubebeshwa chochote. "Nina pakiti mbili za kahawa," alisema, "nami nitazitaja."

"Zitaje, kaka, zitaje," alisema Stipe. "Ila usitaje za wengine."

Vinko alilifikiria jambo hilo. "Za wengine sitaulizwa," alisema.

Ljerka akagawa kazi. Mambo yakiharibika, Štefica ni bi harusi na gauni ni vazi lake; Ljerka ni msimamizi wake; wale dada ni shangazi za bwana harusi.

"Na bwana harusi ni nani?" Štefica aliuliza.

Hapo treni ikaanza kupiga breki, na swali likabaki kama lilivyo.

Afisa wa forodha wa Sežana alikuwa mtu mrefu mwenye mafua. Alitazama pasi, akatazama mwanasesere, akauliza kama kuna mwenye kitu cha kutaja. Kabla mtu hajajibu, pini moja ilifyatuka chini ya koti la Ljerka. Lesi ikashuka polepole hadi kwenye kiatu cha Štefica. Afisa aliisubiri ifike.

"Mama, vua koti."

Akalivua.

"Harusi ya nani?"

"Yangu."

"Lini?"

"Jumamosi ijayo."

"Hiyo ni nguo yake aliyoivaa, afande," Ljerka akadakia. "Au siku hizi watu wanavuliwa nguo mpakani?"

"Sheria naijua, dada. Bwana harusi yuko wapi?"

Wakasimama wawili. Stipe alisimama kwa shida, akijishika dirishani kwa sababu ya jinzi. Vinko alisimama wima, mara moja. Dada mmoja wa Ljubljana akasema, "Huyu ndiye mpwa wetu," akimwonyesha Stipe. Mwenzake, wakati ule ule, akamwonyesha Vinko.

Afisa alivua kofia yake, akapenga kamasi, akaivaa tena.

"Mama Brlek," alisema, "nchi hii inaruhusu mmoja. Chagua."

Štefica aliwatazama. Mkono wa Stipe ulikuwa bado umeshika dirisha, na kidoleni ilikuwamo pete yake ya ndoa, pana na ya manjano.

"Yule," alisema, akimwonyesha Vinko.

"Wewe, bwana. Ni kweli unamwoa mama huyu?"

Chumba kizima kiliacha kuchakarika. Huyu ndiye mtu aliyekataa kuficha pakiti mbili za kahawa. Akilini Štefica aliliona gauni limekwisha kukunjwa, limo ndani ya mfuko wa forodha, na Jasenka yumo ndani ya ovaroli.

"Akinikubali," alisema Vinko.

"Kwani hajakukubali?"

"Sijamwuliza."

"Na gauni ameshanunua?"

"Ni mwanamke wa kujitayarisha mapema," alisema Ljerka.

Afisa alimgeukia Vinko. "Una cha kutaja?"

"Pakiti mbili za kahawa."

"Zinaruhusiwa. Kaa, bwana harusi." Kisha, akiwa mlangoni tayari, akageuka. "Mama, vaa hilo koti. Dirisha la nyuma yako ni kama kioo cha kujitazamia. Mgongo wako utashikwa na baridi."

Treni ilipoondoka, mali ilianza kurudi kwa wenyewe. Štefica alibadilisha nguo chooni, akalikunja gauni katika karatasi yake. Aliporudi alimwambia Vinko, "Ahsante kwa kusimama, bwana Gorjup."

"Nilisimama kuchukua begi langu. Kahawa ilikuwa humo."

"Kumbe ulimdanganya afande!" Stipe alifurahi.

"Sikumdanganya. Aliniuliza nami nikamjibu," alisema Vinko, kwa sauti ya mtu anayesoma vipimo vya kiwanja. "Akinikubali."

Ljubljana ikapita. Baadaye, Zidani Most, treni ilisimama kwa muda wake wa kawaida. Vinko alikuwa ameketi, begi magotini. Treni ikaondoka naye.

"Bwana, tiketi yako imeishia kule nyuma," alisema mkagua tiketi.

"Najua. Nangoja jibu."

Akalipa nauli iliyozidi pamoja na faini.

Štefica alilipapasa furushi lililokuwa mapajani pake. Bila "akinikubali" ile lisingekuwapo.

"Jumamosi njoo kwenye harusi ya binti yangu," alisema mwishowe. "Utakaa meza ya familia. Jibu utapewa baada ya supu."

"Supu ya nini?"

"Ya kuku."

"Nitakuja."

Ljubljana walishuka wawili, wale dada, pamoja na ule mfuko wa kahawa, ambao kumbe ulikuwa wao. Zidani Most hakushuka mtu. Zagreb walishuka wanne: Štefica na gauni, Ljerka, Stipe, na Vinko Gorjup, aliyevuka kwenda jukwaa la pili kungoja treni ya kumrudisha kwao. Chumbani alibaki mwanasesere, ambaye kila mmoja alidhani ni wa mwenzake.