Munyemana na Gongo Lililotoka Mbinguni

Munyemana alikuwa na ugonjwa wa kujibu kabla hajaulizwa vizuri. Alizaliwa na kukulia Bukavu, vita vilipolipuka akavuka mto wa mpakani na mkewe Uwimbabazi, na sasa alikuwa akifundisha mazoezi ya viungo katika shule moja ya Gihundwe. Siku mfadhili mmoja alipoacha pale gunia la magongo na mipira ya besiboli, mkuu wa shule, Mama Mukansanga, aliwauliza walimu nani anaujua mchezo huo.

"Miye," akasema Munyemana. "Kule Bukavu tulikuwa tunaucheza sana."

Kule Bukavu alikuwa mchezaji wa akiba wa kandanda, na akiba yenyewe haikuwahi kutumika. Mdomo uliponza kichwa.

Jioni alipeleka gongo nyumbani akajaribu. Mikono yake ilijua chombo kimoja tu chenye mpini, basi akaliinua juu ya utosi na kulishusha kwa nguvu zote. Uwimbabazi aliegemea mlango.

"Papa, unacheza ama unalima?"

"Ndiyo ufundi wenyewe, Maman."

"Haya. Ukimaliza hapo, nitapanda maharage."

Hakusikia la mtu. Muhula mzima aliwafundisha vijana wa shule kukata mpira kama wanaopasua kuni, na mpira ulipogongwa kwa bahati ulijichimbia ardhini miguuni mwao. Munyemana alipiga makofi. Kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona besiboli, wote waliamini ndivyo inavyochezwa.

Kisha wakaja wageni kutoka Burundi kucheza nao, wamevukia mpaka wa Ruhwa, wakiongozwa na Ndayisaba, mwalimu mpole aliyejifunza mchezo huo ng'ambo. Uwanja ulijaa watu: waliorudi kutoka Kongo, waliotoka kambi za wakimbizi, wajane wa vita, hata askari wa zamu barabarani. Munyemana alijipanga apige wa kwanza, ili watu waone.

Waliona. Mpira wa kwanza ulipita, nalo gongo likachimba udongo. Wa pili vilevile. Wa tatu alilishusha kwa hasira, likamzungusha, akaketi chini miguu hewani. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Ndayisaba alikuja kumwinua. "Mwalimu, gongo lako linatoka mbinguni linaenda jehanamu. Mpira haupiti njia hiyo. Unakuja hivi, unashuka kidogo. Litoe begani, liingize mapema katika njia ya mpira, likae humo, halafu lipande kidogo tu. Na usianze na mikono. Kanyaga, geuza kiuno, mikono itafuata yenyewe."

Munyemana alitaka kusema kwamba Bukavu wanapiga tofauti. Akatazama suruali yake ilivyojaa udongo. Kwa mara ya kwanza maishani akanyamaza.

Zamu yake iliporudi, alikanyaga, akageuza kiuno. Gongo likapita usawa wa mbavu, na ukasikika mlio mkavu ambao hakuwahi kuusikia muhula mzima. Mpira ukapaa juu ya vichwa vya Warundi ukaangukia kwenye mikaratusi.

Lo! Ulikuwa mzuri kiasi kwamba alisimama kuutazama, mkono kiunoni, kama baba anayemtazama bintiye akiolewa.

"Kimbia, Papa! Kimbia!" Uwimbabazi alipiga kelele.

"Niende wapi?"

Swali hilo lilisikika mpaka barabarani. Jambo la kukimbia hakuwahi kulifundisha, kwa sababu hakuwahi kuona haja yake. Akili ilipomrudia, mpira ulikuwa umesharudi, na Mrundi mmoja amesimama nao kwenye kituo cha kwanza, pale alipopaswa kukimbilia, anamsubiri yeye tu. Alitolewa.

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Wajane wakawaegemea waliotoka kambini, watu ambao tangu vita walikuwa hawasalimiani hata sokoni. Mama Mukansanga alifuta machozi kwa kitenge. Munyemana aliwatazama, kisha naye akaanza kucheka, kwa sauti kuliko wote.

Jumatatu aliwakusanya vijana wake. "Batoto," akasema, "leo tunaanza upya. Kwanza kiuno. Halafu, Mungu wangu, tutajifunza kukimbia."

Mwaka uliofuata waliwafunga Warundi. Yeye hakucheza, mkewe alimkataza.