Darubini Ndogo na Beseni la Njano

Siku yangu ya kwanza katika kikosi cha wanyamapori, kituo chetu kikiwa ufukweni nje kidogo ya Mwanza, Mkuu wa Kituo alinikabidhi bunduki isiyo na darubini. "Felista, jifunze kwanza kuona," aliniambia. "Kulenga kutakuja." Nilinuna. Wanaume nilioajiriwa nao walikuwa na darubini, nikadhani ananidharau.

Kazi yetu kubwa ilikuwa viboko waliovamia mashamba ya mpunga na kujeruhi watu. Kiboko hupigwa kwa karibu, hatua thelathini au arobaini, kwenye matete. Ndiyo maana nilipokuja kuulizwa nataka darubini gani, nilichagua ndogo, inayokuza kuanzia mara moja hadi mara nne. Kwenye mara moja kitu hakikui, lakini unaona kwa upana, tena kwa macho yote mawili. Pia jicho linakaa mbali nayo, bunduki ikirudi nyuma haikupasui nyusi. Wenzangu waliiita miwani ya bibi. Niliwaacha wacheke.

Nilihamishiwa Sengerema, kisha nikarudi Mwanza chini ya Kaimu Mkuu wa Kikosi, mtu wa vyeti vingi na viatu vinavyong'aa. Darubini yake ilikuza mara kumi na sita, ndefu kama mchi, na alitaka sote tuwe na kama hiyo. Mimi nilikataa.

Asubuhi moja tuliitiwa kiboko aliyemuua mvuvi. Watu wa kwetu wakisikia askari wa wanyamapori wamefika hawakimbii. Wanachukua visu na mabeseni, maana nyama itagawiwa. Tuliwaamuru wakae nyuma yetu. Kaimu akapiga goti, jicho moja kwenye lenzi, jingine akalifumba. Nami nikalenga kando yake. Pembeni mwa duara la darubini yangu, nyuma ya kiboko, kitu cha njano kikasogea kwenye matete. Lilikuwa beseni, na chini ya beseni kulikuwa na mama aliyetuzunguka ili awahi nyama.

"Afande, usipige, kuna mtu."

"Yuko wapi? Mimi naona paji la kiboko tu."

"Ndiyo shida yenyewe, afande."

Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kifyatulio. Nikausukuma mtutu juu kwa kiganja. Risasi ikaenda angani, kiboko akatumbukia ziwani.

"Umegusa silaha yangu mbele ya raia," alisema kwa hasira. "Utaomba radhi kwa maandishi."

"Sitaomba, afande."

Kiboko yule nilimpiga mimi siku tatu baadaye, risasi moja, kwa miwani ya bibi. Hata hivyo barua za kunidai radhi zilikuja tatu, na cheo changu kikaishia hapo. Iliniuma sana, sitawadanganya. Wanangu walinisihi niandike mistari miwili tu yaishe. Sikuandika.

Kwenye sherehe ya kuniaga nilipostaafu, Kaimu yule yule alikuwa mgeni rasmi. Aliniinamia mezani. "Felista, leo si ungeomba tu radhi tumalize?"

Nikamwonyesha yule mama wa kwenye matete, muuza dagaa wa Buzuruga, aliyekuwa akipita na pilau kwenye beseni la njano.

"Nikishaomba radhi kwako, yule nimwambie nini?"

Alimtazama kwa muda mrefu. Safari hiyo alimwona.