Gari la Familia ya Watu Wanne

Mkitaka kucheka chekeni, aibu yenyewe bado mbichi. Mwezi uliopita, muuza magari wa Dar alinionyesha magari mawili ya kuhimili barabara mbovu, moja fupi, jingine refu. Akaniuliza, "Familia watu wangapi?" Nikajibu kisomi: wanne, mimi, mke na watoto wawili. Nikachukua fupi. Niliporudi Ifakara nikatamba mtaa wetu mzima wa Mlabani kwamba familia yangu ni watu wanne, hilo refu ni la wasiojua bei ya mafuta.

Juzi baba mdogo akafariki hospitalini. Ndugu hawakuhangaika kutafuta usafiri, maana ukoo sasa una gari. Tukaingiza jeneza, nusu ikabaki nje. Tukakunja viti, tukaligeuza, tukasukuma, mpaka wanaume wakaacha kunitazama usoni. Mwishowe marehemu akapakiwa kwenye trela la trekta la kubebea mpunga. Mimi nikafuata nyuma peke yangu, nikila vumbi.

Makaburini nikamwamkia shangazi, "Shikamoo." Hakuitikia. Akalitazama gari, kisha akaniuliza mbele ya waombolezaji wote, "Hao watu wako wanne, ndio watakaokuzika?"