Tuliziombea Hesabu za Sehemu

Tulikuwa walimu wanane na hakuna hata mmoja aliyekuwa na kazi. Naliweka hili mbele kwa sababu kwenye barua ya kuombea michango lilifichwa. Barua ilituita jeshi la vijana waliojitoa. Kujitoa kwenyewe kulikuwa kwepesi: tulimaliza shahada za ualimu, tukaomba ajira serikalini mwaka wa kwanza, tukaomba wa pili, mimi nikaomba na wa tatu, na sasa tulikuwa nyumbani Morogoro tukifua, tukipika, na kuulizwa na majirani kama majina yametoka. Kanisa lilipotangaza safari ya umisheni ya wiki moja Durban, kuhudumia watoto na wanafunzi, nilisikia wito papo hapo. Nilikuwa sijawahi kupanda ndege, na wito huu ulikuja na tiketi.

Tulijiandaa miezi mitatu. Tulishona vikaragosi vya soksi, tukafanya mazoezi ya igizo la mwana mpotevu lisilo na maneno, tukachapisha fulana za kijani, na tukafundishwa salamu za Kizulu na kijana mmoja aliyewahi kukaa Johannesburg miezi minne na kurudi na miwani. Hakuna aliyesema tubebe chaki. Walimu wanane, na katika masanduku yote hamkuwa na rula moja. Mimi nimesomea hesabu, kwa hiyo kwa hekima ya uongozi nilipewa nafasi ya kondoo aliyepotea. Nilimvaa mkono wa kulia.

Tulifikia Queensburgh, kwenye nyumba ya wageni ya kanisa lililotupokea, mtaa wa bustani zilizofyekwa na mbwa wanaobweka kwa zamu. Kazi yetu ilikuwa mjini, Albert Park, kwenye ukumbi wa chini wa jengo refu la maghorofa. Mama mmoja Mkongomani aliutumia ukumbi huo kila alasiri kuwasomesha watoto wa jengo wakitoka shule. Saa hiyo ya masomo waliiita étude. Jumapili tulipopelekwa kusalimia, tulijipanga na fulana zetu tukapaza sauti, "Sanibonani!" Watoto walitutazama. Kisha mmoja akawageukia wenzake akasema, "Hawa njo Batanzania," na wote wakatusalimia kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anavyomsalimia mgonjwa.

Kabla hatujaondoka, yule mama alimpa kiongozi wetu karatasi iliyochanwa kwenye daftari na kukunjwa mara nne. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili akasema amefurahi sana kwamba tumekuja, na yote yamo humo. Kanisani kwetu karatasi iliyokunjwa mara nne ikikabidhiwa mtumishi ni ombi; tuna hata kapu lake pale mbele. Kiongozi wetu, kijana wa historia aliyeipenda ratiba kuliko mchumba wake, aliiweka kwenye Biblia na kusema, "Tutayabeba, mama."

Na kweli tuliyabeba. Jumatatu alfajiri, kwenye sebule ya Queensburgh, aliifungua. Ilikuwa orodha ya watoto, na mbele ya kila jina somo linalomshinda. Huyu hasomi ramani. Huyu haelewi hadithi ya Kiingereza. Huyu, msichana wa darasa la sita, hesabu za sehemu. Mahali popote duniani ukiwapa walimu wanane karatasi ya namna hiyo watakuuliza ubao uko wapi. Sisi tulishikana mikono. Kiongozi aligawa mistari kulingana na taaluma, akanitazama akasema, "Wewe wa hesabu, chukua sehemu." Nikazichukua. Nilisema, Bwana, wewe uliyegawa mikate mitano kwa maelfu, hushindwi na nusu wala theluthi. Nilikemea roho ya kushindwa kwa jina lake na kwa anwani yake. Wenzangu waliitikia amina mpaka mbwa wa jirani wakaamka. Nilitoka pale nimeridhika kabisa, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo kuliko mengine yote.

Kisha tukaenda mjini na kuchukua ile saa yao ya masomo, siku hiyo na siku iliyofuata, kwa ajili ya vikaragosi.

Jumanne nilimwona msichana mmoja safu ya pili, karibu na nguzo. Alikuwa na miaka kumi na miwili hivi, nywele zimesukwa mistari, sare ya shule bado mwilini. Wimbo ulikuwa wa kupiga makofi na kuruka. Mdomo wake uliimba, mikono haikupiga, na macho yalikuwa mapajani. Nilishuka jukwaani na kondoo wangu mkononi nikamkuta na daftari. Ningekuwa mwalimu wa kweli ningefurahi: mtoto anasoma katikati ya kelele zile. Lakini nilikuwa mmisheni. Nikasema kwa sauti ya kondoo, ukumbi mzima usikie, "Kondoo amekasirika! Huu ni muda wa Bwana!" Watoto wakacheka. Nikalishika daftari. Naye akalishika.

"Tantine, tafazali," aliniambia chinichini. Ndivyo wanavyowaita mashangazi na kila mwanamke anayestahili heshima.

Nikavuta. Hapo ndipo mpiga picha wetu alipobonyeza. Msichana akaachia, nami nikalitia daftari kwenye mfuko wa vikaragosi, nikamwahidi kumrudishia tukimaliza. Tulipomaliza kukawa na juisi, kukumbatiana na picha nyingine, nikasahau.

Jioni, kabla ya chakula, jicho la kondoo liling'oka. Nilipokuwa nalitafuta mfukoni nikatoa daftari. Kwenye kona ya jalada alikuwa ameandika kwa Kiingereza kwamba mtihani wa hesabu wa mwisho wa mwaka ni Jumatano, na kupigia mstari mara tatu. Ndani kulikuwa na kurasa sita za sehemu, mwandiko safi, kila jibu limekosolewa kwa wino mwekundu. Nusu kujumlisha theluthi, ameandika mbili ya tano. Robo kujumlisha nusu, mbili ya sita. Alikuwa akijumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, kwa uaminifu mkubwa, ukurasa baada ya ukurasa. Ni kosa moja tu. Nilifundishwa jinsi ya kulitibu mwaka wa pili chuoni, na dawa yake ni dakika kumi.

Nikamwendea kiongozi, nikamwomba ile orodha. Jina la kwenye jalada ndilo lile nililoliombea. Nikamwambia huyu mtoto ana mtihani kesho asubuhi na daftari lake liko hapa, tumpigie yule mama, hata tupige picha kurasa tumtumie. Namba alikuwa nayo yeye peke yake.

"Hilo tumeshaliombea," akasema. "Tusirudi nyuma kwa mashaka. Na tusimsumbue mama wa watu."

Ningeweza kumbana. Ningeweza kuingia jikoni na kumwomba mwenyeji wetu simu na gari. Sikufanya hivyo. Niliona nitaonekana mkorofi, nikala kuku na wali, nikalala. Ningependa kuandika kwamba usingizi ulinikataa, lakini nililala fofofo.

Asubuhi sala iliendelea na kuendelea. Mtu mmoja alianza kuwaombea viongozi wa nchi zote za kusini, nchi kwa nchi, na alipofika Msumbiji niliinuka na daftari kwapani nikatoka. Nilipanda teksi, ambayo kule ndiyo daladala, hadi mjini. Mzee niliyekaa naye alinielekeza nishuke robot ya pili, yaani taa za barabarani, kisha nitembee. Nilitembea, kisha nikakimbia, nikipita saluni na vibanda vya simu ndio kwanza vinafunguliwa. Nilipofika ilikuwa saa mbili na nusu. Yule mama alikuwa anafagia makaratasi yetu ya pipi.

"Alishaenda, mutoto wangu," akasema, bila kuuliza ninamtafuta nani. "Balianza mtihani saa mbili. Ikala, unywe chai."

Nikakaa. Aliniletea chai ya maziwa na mkate. Nilitamani anigombeze, akanisogezea sukari. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia kwamba wiki hii ni ya mitihani.

"Niliwaandikia," akasema. "Pasta alisema munakuja balimu munane. Walimu! Miye mwenyewe hesabu ya kuanzia darasa la tano inanishinda. Nikasema Mungu amejibu. Nikaandika kila mutoto na shida yake, ili musipoteze wakati wa kuuliza."

"Na ulipoona tunakuja na vikaragosi?"

Akatazama chini kwenye kikombe chake. "Nikasema labda iko vile munaanzaka. Halafu lundi ikaisha, mardi ikaisha," akasema, akihesabu Jumatatu na Jumanne kwa vidole. "Bageni njo bageni. Mulitoka mbali, muko na wiki moja tu. Ningewaambia nini?" Kisha akaongeza, kwa sauti ileile ya kunikaribisha sukari, "Mwalimu wake alisema akianguka tena hesabu, atadublé. Atarudilia ile darasa yote."

Nilisikia aibu. Naitaja kwa jina lake kwa sababu kwenye taarifa ya safari iliitwa changamoto.

Alasiri hiyo timu ilikuwa Overport kwa wanafunzi wa chuo, ikiwafundisha namna ya kujua kusudi la maisha yao. Mimi nilibaki. Msichana alirudi saa nane na nusu. Alipoliona daftari mezani alilichukua, akalifuta jalada kwa kiganja, akaliweka kwenye mkoba. Nikamwambia pole. Akasema, "Asante, Tantine." Nikamuuliza mtihani ulikuwaje, akainua mabega.

Nikatoa ratiba yetu ya wiki mfukoni, karatasi nzuri nzito yenye rangi mbili. Nikaikunja katikati. Nikaikunja tena sehemu tatu kwa upande mwingine. Nikaikunjua, tukahesabu vipande sita. Nikamwuliza nusu ni vipande vingapi, akasema vitatu. Theluthi? Viwili. Vyote pamoja? Akagusa kimoja kimoja kwa kidole. Vitano. Vitano kati ya sita. Akachukua karatasi nyingine akafanya robo na nusu peke yake, akapata. Akafanya ya tatu bila kukunja kitu.

"Eish," akasema. "Kumbe iko hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

Akanitazama. Hakuwa na ujeuri wowote usoni, alikuwa anataka kujua. "Sasa Tantine, mbona haukunionyesha lundi?"

Nilimwambia tulikuwa na ratiba. Akaitazama ile ratiba iliyokunjwakunjwa, akaitikia kwa kichwa, kwa adabu.

Alhamisi nilimwomba kiongozi tuwape watoto saa yao. Alikuwa na hasira nami kwa kutoroka, lakini alikuwa pia na moyo wa kusamehe, akanipa dakika kumi na tano kati ya mwana mpotevu na juisi. Ijumaa tulifunga huduma. Mwito wa kuokoka ulipotolewa watoto wote waliinua mikono, pamoja na wale walioniambia kwamba waliinua mwezi wa sita kwa wageni waliopita, na Pasaka kwa wengine, maana wageni hupenda. Kisha msichana wangu akatumwa mbele kutoa shukrani. Alisimama wima akasema kwa Kiswahili cha kujikaza kifanane na chetu kwamba wanatushukuru kwa kuacha nyumba zetu na kuja kuwafundisha, na Mungu atulipe. Aliposema kuwafundisha alinitazama, akatabasamu. Yule mama alikuwa amemlea vizuri. Nililia, na wenzangu wakadhani nimeguswa na upako.

Tuliporudi Morogoro kulikuwa na ibada ya ushuhuda, na nyuma ya madhabahu bango jipya. Picha waliyoichagua ilikuwa ile. Mimi nimeinama, fulana ya kijani, kondoo mkono mmoja, mkono mwingine kwenye daftari. Msichana naye amelishika, ameinua uso kunitazama, macho yake yamejaa. Ukiliangalia utaapa kwamba namfundisha. Chini wameandika kwa herufi kubwa, "Tunafundisha, tunagusa maisha." Mwaka huu limetumika tena kuombea michango ya safari nyingine, na mimi nimeombwa niiongoze.

Namba ya yule mama niliipata mwishowe. Januari alinitumia ujumbe wa sauti. Alinisalimia, akawasalimia wazazi wangu, akamsalimia kondoo. Akasema mtoto alianguka hesabu, anarudia darasa la sita, lakini hajambo na sehemu anazijua. Sasa anawafundisha wenzake wadogo kwa kukunja karatasi. "Anauliza mutakuja tena wiki gani," akasema. "Anataka ajue mapema."

Jumapili iliyopita mama mmoja wa kwaya alisimama nami mbele ya bango, akaweka mkono begani mwangu, akaniuliza, "Mwanangu, hapa ulikuwa unamfundisha nini?"

"Nilikuwa namnyang'anya daftari," nikasema.

Akacheka mpaka akafuta machozi. Akasema mimi nina utani sana, na kwamba ndiyo maana watoto wa Durban walinipenda. Kisha akafungua mkoba wake, akauliza mchango wa safari ijayo anamkabidhi nani.