Koo la Nekesa

Hata leo, pamba yenye spiriti ikipita karibu na pua yangu, mate hunijaa mdomoni. Wengine hukumbuka uchungu wa sindano. Mimi hukumbuka chipsi moto, na dada yangu Nekesa akichechemea mbele yetu huku anatabasamu.

Tuliishi Kayole, ghorofa ya juu kabisa, Mama na watoto wanne chumba kimoja. Nekesa alikuwa na miaka kumi. Kwanza koo lilimwuma akashindwa kumeza ugali. Baada ya siku chache likapoa lenyewe, akarudi kuruka kamba, nasi tukasahau. Wiki kadhaa baadaye goti lake likafura, likawa moto. Lilipotulia, maumivu yakahamia goti la pili, kisha kifundo cha mguu, kama mpangaji anayetafuta nyumba.

"Huyo anarefuka tu, Mama Nekesa," alisema jirani yetu, Mama Wambui. "Mkande na maji moto."

Mama alimkanda. Lakini asubuhi moja Nekesa alipanda ngazi akafika juu akihema, mkono kifuani. Mama alizima jiko palepale, akambeba mgongoni hadi hospitali. Mimi nilifuata nyuma na viatu vyake.

Daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu.

"Koo lilimwuma hivi karibuni?"

"Liliuma, likapona," Mama alijibu.

"Walikuwa bakteria. Mwili ulipigana nao, lakini wanafanana na sehemu za mwili wenyewe. Sasa kinga yake imechanganyikiwa, inashambulia viungo, na moyo pia."

"Moyo? Kwa sababu ya koo?"

"Ndiyo, mama. Bahati umemleta mapema. Akiambukizwa tena, moyo unaweza kuharibika. Atadungwa sindano ya kuzuia bakteria hao kila mwezi, kwa miaka."

Nekesa akaangua kilio. "Ukidungwa, tunapitia chipsi," Mama akamnong'oneza, na kilio kikakatika. Tangu siku hiyo tuligombania kumsindikiza, na kwa kweli niliuonea wivu ugonjwa wake.

Jambo jingine lilianza pia. Kila jioni Mama alitupanga mlangoni na kutumulika kinywani kwa tochi ya simu. "Fungua. Sema aaa." Tulikuwa na hakika anatafuta mwizi wa sukari, kwa hiyo mimi nilisukutua kabla ya zamu yangu. Aliyekutwa na koo jekundu alipelekwa kliniki, akalala peke yake sakafuni, na kumeza dawa hadi tembe ya mwisho, hata kama alishapona.

Nekesa alikua. Siku hizi ana mapacha, na huwakimbiza ngazini bila kuhema.

Nilipoanza kulea wangu ndipo nikaelewa. Bakteria wale husafiri kwa kikohozi, na sisi tulilala kitanda kimoja, pua kwa pua. Hakukuwa na sukari iliyotafutwa. Mama alikuwa akiulinda moyo wa Nekesa kuanzia kooni kwangu.