Madoadoa Mlimani

Kazi yangu ni kuifundisha kompyuta kutazama picha kama jicho la kiumbe linavyotazama. Katika ubongo, chembe nyingine huitikia mistari iliyosimama, nyingine iliyolala, nyingine mipana, nyingine myembamba. Tunaiga hayo kwa vichujio: picha ikipita humo, mahali manyoya ya mnyama yanapoachana na majani panajitokeza penyewe. Wenzangu waliyajua hayo darasani. Mimi niliyaona kwanza kwa mama, milimani Fizi, enzi za chama kimoja.

Wanajeshi walikuwa wakipanda kuwasaka waasi, wakirudi na mihogo na mbuzi wetu. Kwa hiyo mama alizoea kusimama uani akifumba macho nusu. Alisema hapo majani yote ya mlima huwa kitu kimoja, ila nguo ya jeshi ya madoadoa hukataa kuchanganyika nayo. Hakuwahi kukosea.

Mwaka mmoja mdogo wangu alishikwa na malaria, akawa anatetemeka, hata uji hautaki. Baba alishuka mjini Baraka kutafuta kinini. Kesho yake, mvua ikinyesha, mama alitazama mlima kwa macho yake nusu, akaona madoadoa.

"Basoda banakuja," akasema. "Beba mukeka, twende."

Akamfunga mtoto mgongoni, tukajificha kwenye matete bondeni. Baadaye mwanamume aliita kutoka nyumbani, lakini mvua ilimeza maneno. Mama akaniziba mdomo. Tulikaa humo mpaka mvua ilipokatika na sauti ikasikika vizuri.

"Mama batoto, ni mi. Muko wapi?"

Baba alikuwa mlangoni, amevaa koti kuukuu la jeshi alilonunua sokoni ajikinge na mvua. Koti la jeshi, katika milima ile. Baba amekwisha kufa, na hasira yangu juu ya koti hilo bado haijaisha. Mama hakukosea, madoadoa yalikuwapo kweli. Vichujio vyangu navyo huishia hapo hapo. Havijui ni nani aliye ndani ya nguo.

Mama alipokea kinini. Akakiponda kwenye kijiko, akatia maji, akakoroga na kukoroga, mtoto akiwa bado mgongoni. Kule kwenye matete nilikuwa nimeushika mguu wa mdogo wangu. Ulikuwa wa baridi, na haukutetemeka tena.

Baba akanyoosha mikono.

"Leta nimushike," akasema, "we umunyweshe."